Mashimo meusi na galaksi: Nani amlea mwenziwe?

Mnamo Desemba 12, 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha mwaka wa saba tangu ijinyakulie uhuru, roketi ya Marekani ilifyatuliwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa na Waitaliano baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba setilaiti ndogo yenye uzani wa kilo 140 hivi. Kwa heshima ya siku hiyo, setilaiti hiyo ilipewa jina Uhuru.

Kilikuwa chombo cha kwanza kupelekwa angani kwa kazi moja tu ya kusaka miale ya eksirei kutoka kwa nyota na galaksi. Miale hiyo haiwezi kupenya hewa inayoizunguka Dunia, hivyo darubini za ardhini haziioni. Kufikia Machi 1973 ilipoacha kufanya kazi, Uhuru ilikuwa imekusanya habari zilizowawezesha wataalamu kuorodhesha vyanzo 339 vya eksirei. Miongoni mwavyo mlikuwa na Cygnus X-1, ambayo baadaye ilikubaliwa kuwa shimo jeusi. Kadhalika mlikuwa na vitovu vya galaksi kadhaa za mbali, vilivyowaka kwa nguvu ambazo nyota za kawaida haziwezi kuzizalisha. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata fungu la Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka wa 2002.

Vitovu hivyo ndivyo kiini cha mojawapo ya maswali makuu ya elimu ya falaki katika karne hii. Wataalamu sasa wanakubaliana kwamba karibu kila galaksi kubwa ina shimo jeusi la ajabu katikati yake, lenye uzani wa mamilioni au hata mabilioni ya majua. Wanakubaliana pia kwamba uzani wa shimo hilo huenda sambamba na uzani wa nyota zinazolizunguka, utadhani vyote viwili vilikua kwa kupimiana chakula. Wasilokubaliana ni nani aliyemtangulia mwenziwe, na nani humwamuru mwenziwe akome kukua.

Jina lenyewe, kwa kweli, limewapotosha wengi. Shimo jeusi si tundu. Ni maada iliyosongamana mahali padogo mno hata nguvu yake ya uvutano ikawa haiiruhusu nuru yenyewe kutoroka. Wala halizururi angani likimeza kila lililo mbele yake kama zimwi la hadithini. Jua letu lingegeuzwa leo kuwa shimo jeusi la uzani ule ule, Dunia ingeendelea kulizunguka kama kawaida, ila tu katika giza na baridi.

Mchanga mbele ya Dunia

Mfano ulio karibu zaidi nasi umo katika galaksi yetu, iitwayo Njia Nyeupe. Anayetazama mbingu usiku wa Julai au Agosti, akiwa mbali na taa za mji, huona ukanda wa weupe hafifu ukikatiza anga. Ukanda huo hunenepa katika kundinyota la Mshale, na huko ndiko kiliko kitovu cha galaksi, umbali wa miaka ya nuru takriban 27,000 kutoka hapa. Mwaka mmoja wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mzima, yaani karibu kilomita trilioni 9.5.

Tangu miaka ya 1990, Reinhard Genzel wa Ujerumani na Andrea Ghez wa Marekani, kila mmoja na kikosi chake, walizifuatilia nyota zilizo karibu na kitovu hicho. Nyota moja, S2, huzunguka mahali pasipoonekana kitu kwa muda wa miaka 16, na inapokaribia mahali hapo hukimbia kwa kasi ya zaidi ya kilomita 7,000 kwa sekunde. Kutokana na mwendo huo, watafiti walikokotoa uzani wa hicho kisichoonekana na kupata zaidi ya majua milioni 4. Genzel na Ghez walituzwa Nobel mwaka wa 2020, pamoja na Roger Penrose wa Uingereza. Picha ya kivuli cha shimo hilo, linaloitwa Sagittarius A*, ilitolewa Mei 12, 2022 na mtandao wa darubini za redio wa Event Horizon Telescope.

Majua milioni 4 ni mengi kwa masikio ya binadamu, lakini ni haba mno kwa galaksi. Upana wa shimo hilo ni kilomita milioni 25 hivi, ilhali galaksi yetu ina upana wa miaka ya nuru wapata 100,000. Lau galaksi nzima ingefinywa ikawa na ukubwa wa Dunia, shimo hilo lingekuwa punje ya mchanga. Nguvu yake ya uvutano hutawala eneo la miaka ya nuru 10 hivi tu kutoka lilipo. Zaidi ya hapo, nyota huvutwa na nyota zenzake, gesi na maada isiyoonekana, wala hazina habari nalo.

Yawezekanaje basi punje ya mchanga iwe na neno katika maisha ya Dunia nzima?

Kutoka taa za mbali hadi majitu yaliyolala

Safari ya kulijibu swali hilo ilianza mwaka wa 1963, pale Maarten Schmidt, mtaalamu mzaliwa wa Uholanzi aliyefanya kazi Marekani, alipochunguza kitu kilichoitwa 3C 273. Kwa macho kilifanana na nyota ya kawaida. Schmidt aligundua kwamba kiko umbali wa zaidi ya miaka ya nuru bilioni 2, maana yake kinang'aa kuliko galaksi nzima yenye mabilioni ya nyota. Vitu vya aina hiyo vikaitwa kwasari.

Mwaka uliofuata, Edwin Salpeter wa Marekani na Yakov Zel'dovich wa Urusi, kila mmoja kivyake, walipendekeza kwamba nuru hiyo hutoka kwa gesi inayoporomokea shimo jeusi kubwa. Mnamo 1969, Donald Lynden-Bell wa Uingereza alikwenda hatua moja mbele. Ikiwa kwasari zilikuwa nyingi zamani na sasa zimezimika, alisema, basi mashimo yaliyoziwasha hayajaenda popote. Yamo katikati ya galaksi zilizo jirani zetu, yamelala kwa kukosa chakula.

Ilichukua miongo mitatu kulithibitisha wazo hilo. Darubini ya Hubble, iliyopelekwa angani mwaka wa 1990 na kukarabatiwa 1993, ndiyo iliyokuwa na macho makali ya kutosha kupima mwendo wa nyota na gesi katika vitovu vya galaksi jirani. Shimo moja baada ya jingine likajitokeza. La galaksi ya Andromeda, umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5, lilipatikana kuwa na uzani wa zaidi ya majua milioni 100. La M87, katika kundi la galaksi la Virgo, lina majua bilioni 6.5, nalo ndilo lililokuwa la kwanza kupigwa picha, iliyotolewa Aprili 10, 2019.

Idadi ilipotosha, ulinganifu ulianza kuonekana. Galaksi nyingi zina uvimbe wa nyota kuukuu katikati, mfano wa kiini cha yai la kukaanga. Mwaka wa 1998 John Magorrian na wenzake walionyesha kwamba uvimbe ukiwa mzito, shimo nalo huwa zito. Mwaka wa 2000 vikosi viwili, kimoja cha Laura Ferrarese na David Merritt na kingine kilichoongozwa na Karl Gebhardt, vilitangaza uhusiano ulio mwembamba zaidi: kasi ya nyota za uvimbe hutabiri uzani wa shimo. Kasi hiyo ikiwa maradufu, uzani wa shimo huongezeka kwa mara zaidi ya 15. Nyota zilizopimwa ziko mbali sana na shimo, mahali ambapo uvutano wake haufiki. Haziwezi kuhisi uzani wake, lakini zinautabiri.

Galaksi ya M33, jirani yetu mwingine, ilitoa ushahidi kutoka upande wa pili. Ina mikono mizuri ya nyota na gesi tele, ila haina uvimbe wa kutajika. Mwaka wa 2001 watafiti waliisaka kwa makini na kubaini kwamba ikiwa ina shimo lolote katikati, uzani wake hauzidi majua 1,500. Kwa jumla, katika galaksi zilizo karibu nasi, shimo huwa na uzani wa kati ya moja na tano kwa elfu ya uzani wa uvimbe wake.

Uji unaofurikia makaa

Jibu ambalo wengi wanaliunga mkono lilitolewa na Joseph Silk na Martin Rees mwaka wa 1998, nalo halihusu uvutano bali moto.

Gesi inayoelekea shimoni haitumbukii moja kwa moja. Huzunguka kwanza, ikajipanga kama sahani, ikasuguana na kupata joto kali mno. Hapo ndipo hutoka nuru ya kwasari, na juu ya sahani hiyo hutoka eksirei za aina ile iliyonaswa na Uhuru. Takriban asilimia 10 ya uzani wa gesi hiyo hugeuka kuwa nishati kabla ya kutoweka. Katika Jua, haidrojeni inapounganishwa kuwa heliamu, kiwango hicho hakifiki asilimia 1. Hakuna jiko jingine ulimwenguni linalotumia kuni zake kikamilifu hivyo kwa muda mrefu.

Ukijumlisha nishati yote ambayo shimo hutoa katika kukua kwake, utapata makumi ya mara ya ile inayohitajika kuutawanya uvimbe mzima wa nyota unaolizunguka. Sehemu ndogo tu ya nishati hiyo ikiigusa gesi ya galaksi, yatosha kuifukuza. Gesi ndiyo mbegu ya nyota. Ikifukuzwa, nyota mpya hazizaliwi, na shimo lenyewe hukosa lishe. Anayejua kupika uji juu ya makaa ataelewa: moto ukizidi uji hufurika, ukayamwagikia makaa na kuyafifiza, na mchemko ukashuka. Shimo hukua hadi linapokuwa na nguvu za kujinyima chakula. Kwa kuwa uvimbe mzito hung'ang'ania gesi yake kwa nguvu zaidi, shimo lililomo sharti likue zaidi kabla ya kuishinda, na ndiyo maana uzani wa hivi viwili huandamana.

Pepo hizo za kufukuza gesi zimeonekana. Katika galaksi iitwayo Markarian 231, watafiti walieleza mnamo 2010 na 2011 jinsi gesi baridi yenye uzani wa mamia ya majua inavyosukumwa nje kila mwaka. Kwa kasi hiyo ghala haliwezi kudumu.

Ushahidi wa kuvutia zaidi, hata hivyo, umo katika kundi la galaksi la Perseus, umbali wa miaka ya nuru milioni 240 hivi. Ni setilaiti ya Uhuru iliyosaidia kuonyesha kwamba makundi kama hilo yamejaa gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi. Ugunduzi huo ulizaa kitendawili. Gesi inayotoa eksirei hupoteza joto, na ikipoa ingepaswa kumiminika katikati na kuzaa nyota kwa wingi. Nyota hizo hazipo.

Darubini ya eksirei ya Chandra, iliyopelekwa angani Julai 1999, ilionyesha sababu. Kando ya galaksi ya NGC 1275, iliyo katikati ya kundi hilo, kuna mapovu makubwa yaliyochimbwa ndani ya gesi na mifoko inayotoka kwenye shimo jeusi. Mwaka wa 2003 Andrew Fabian na wenzake wa Cambridge walitangaza kwamba kuna pia viwimbi vinavyosambaa kutoka kwenye mapovu hayo, mithili ya vya jiwe lililotupwa bwawani. Ni mawimbi ya sauti, moja kila miaka milioni 10 hivi, noti iliyo chini mno hata sikio lolote lisingeitambua. Setilaiti ya Kijapani ya Hitomi ilipima mwendo wa gesi hiyo mwaka wa 2016, ikapata kilomita 164 kwa sekunde. Kipimo hicho kilikuwa miongoni mwa vichache ilivyowahi kuchukua, kwani ilisambaratika angani wiki chache baada ya kurushwa. Kilitosha kuonyesha kwamba gesi hiyo husukwa taratibu. Shimo halifanyi fujo hapo. Hufanya kazi ya kuhifadhi joto, kama makaa yaliyofunikwa majivu.

Si wote walioridhika. Wapo wataalamu wanaosema ulinganifu huo waweza kutokea bila shimo kuiamuru galaksi lolote. Galaksi hugongana na kuungana, na mashimo yao pia. Ukijumlisha galaksi nyingi pamoja na mashimo yao, mara nyingi, tofauti za mwanzo hufifia na wastani hubaki, kama vile kuchanganya magunia mengi ya nafaka kunavyolainisha tofauti za kila shamba. Hoja hii ni nzito na haijafutwa. Inashindwa, hata hivyo, kueleza kwa nini gesi ya Perseus haipoi.

Isitoshe, si kila pumzi ya shimo huua. Mnamo Januari 2022, picha za Hubble zilionyesha kwamba katika galaksi ndogo ya Henize 2-10, miaka ya nuru milioni 30 kutoka hapa, mfoko wa shimo lenye uzani wa majua milioni 1 hivi umeligonga wingu la gesi na kuzalisha nyota changa badala ya kuzizuia. Upepo unaozima mshumaa ndio huo huo unaochochea jiko, yategemea ulivyovuma.

Watoto waliowazidi wazazi

Kwa muda mrefu picha ilionekana kukamilika. Hata kalenda iliafiki: kuzaliwa kwa nyota ulimwenguni kulifikia kilele takriban miaka bilioni 10 iliyopita, na kukua kwa mashimo meusi kulifikia kilele karibu na wakati huo huo. Kisha vyote viwili vikapungua pamoja.

Ikaja darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 25, 2021. Nuru inayoinasa imesafiri kwa zaidi ya miaka bilioni 13, hivyo inaonyesha ulimwengu, wenye umri wa miaka bilioni 13.8, ulivyokuwa ungali mchanga. Katika galaksi iitwayo GN-z11 kulipatikana dalili za shimo lenye uzani wa majua zaidi ya milioni 1, wakati ulimwengu ulikuwa na umri wa miaka milioni 430 pekee.

Ugumu uko kwenye hesabu. Shimo lililoachwa na nyota iliyokufa laweza kuanza na uzani wa majua 100 hivi. Likila bila kupumzika, kwa kiwango cha juu ambacho nuru yake yenyewe inaruhusu kabla ya kuirudisha gesi nyuma, uzani wake huongezeka maradufu kila miaka milioni 35 au karibu na hapo. Ili kufikia majua bilioni 1.6 lahitaji kujizidisha mara 24, yaani miaka isiyopungua milioni 800. Lakini mwaka wa 2021 watafiti walitangaza kwasari J0313-1806, yenye shimo la uzani huo huo, ilipokuwa imepita miaka milioni 670 tu tangu mwanzo wa ulimwengu. Muda hautoshi.

Kinachotikisa zaidi ni uwiano. Mwaka wa 2023 Webb na Chandra zikishirikiana zilitambua UHZ1, galaksi ya wakati ulimwengu ulipokuwa na miaka milioni 470. Shimo lake lakadiriwa kuwa na uzani wa majua kati ya milioni 10 na milioni 100, karibu sawa na nyota zake zote zikijumlishwa. Pale ambapo galaksi za leo zina nyota elfu kwa moja, hapa shimo na nyota vimelingana. Mwaka wa 2025 ikaripotiwa mfano mwingine, kimojawapo cha vile vijitone vyekundu ambavyo Webb imeviona kwa mamia. Shimo lake lilipimwa kwa mzunguko wa gesi inayolizingira na kupatikana kuwa na uzani wa majua milioni 50 hivi, ilhali nyota za galaksi yake ni chache hata ni shida kuziona.

Ikiwa vipimo hivi vitasimama, basi katika baadhi ya galaksi shimo lilitangulia, na nyota zikajengwa baadaye kulizunguka. Baadhi ya watafiti wanapendekeza kwamba mawingu makubwa ya gesi ya mwanzo yaliporomoka moja kwa moja yakawa mashimo yenye uzani wa majua 10,000 au hata 100,000, bila kupitia hatua ya nyota za kawaida. Wengine wanasema mashimo madogo yalikula kwa pupa kupita kiwango kinachodhaniwa. Wapo pia wanaotahadharisha kwamba darubini huona kilicho king'avu kwanza, na kwamba mashimo ya wastani ya enzi hizo yamejificha gizani yakisubiri kuhesabiwa. Tahadhari hiyo ina mashiko, maana anayehesabu urefu wa watu kwa kutazama vichwa vinavyochomoza juu ya ua atadhani kijiji kizima ni cha majitu.

Njia nyingine ya kuhesabu inaandaliwa. Januari 2024 Shirika la Anga la Ulaya liliidhinisha LISA, vyombo vitatu vitakavyoelea kwa umbali wa kilomita milioni 2.5 kutoka kimoja hadi kingine, vikisikiliza mitikisiko inayotokana na mashimo makubwa yanapoungana. Urushaji umepangiwa mwaka wa 2035. Mitikisiko hiyo haizuiwi na vumbi wala haitegemei nuru, hivyo hata mashimo yasiyokula yatasikika yakigongana.

Na la kwetu? Sagittarius A* sasa limelala, lakini si muda mrefu tangu lilipokuwa macho. Mwaka wa 2010 setilaiti ya Fermi ilifichua mapovu mawili makubwa ya miale ya gama, moja juu na jingine chini ya galaksi yetu, kila moja likiwa na urefu wa miaka ya nuru 25,000. Wengi wanayahusisha na mlo uliofanyika mamilioni machache ya miaka iliyopita, ijapokuwa huenda nyota zilizolipuka karibu na kitovu nazo zilichangia. Mei 2019 shimo hilo lilimeta ghafla, likang'aa mara 75 kuliko kawaida yake kwa miale ya infraredi, kisha likafifia kwa muda wa saa chache.

Chakula kingine kiko njiani. Wingu Kubwa la Magellan ni galaksi ndogo iliyo umbali wa miaka ya nuru 160,000, na katika miezi ya Desemba na Januari huonekana kutoka Kenya, chini upande wa kusini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Durham walikadiria mwaka wa 2019 kwamba itaigonga Njia Nyeupe baada ya miaka zaidi ya bilioni 2, ikimimina gesi hadi katikati. Kwa makadirio yao, Sagittarius A* laweza kukua hadi mara 8 ya uzani wake wa sasa. Shimo letu ni dogo kwa galaksi ya ukubwa wetu, na ongezeko hilo lingelisogeza karibu na kipimo cha galaksi zenzetu.